Wazazi wa Mashambani Hawakukosa Mwamko

Swali limeulizwa tena: kwa nini jamii za vibarua wa mashamba makubwa zilibaki nyuma kielimu? Jibu huja tayari, kwamba hazikuwa na mwamko, na dawa yake ni uhamasishaji. Mzazi aitwe mkutanoni, aelezwe faida za shule, arudi nyumbani amezinduka. Dhana hii imechosha, na ni dhuluma kwa watu walionyang'anywa ardhi kisha wakalaumiwa kwa matokeo yake. Kenya ya walowezi inaonyesha kilichotokea. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi, amfanyie kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi na kulima kipande chake. Kahawa ikiiva haingoji, na watoto walichuma pamoja na wakubwa. Mwenye shamba huyohuyo ndiye aliyekuwa na kura: walowezi walichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1920, Waafrika wakasubiri hadi 1957. Mwaka 1942 elimu ikawa ya lazima kwa watoto wa Kizungu. Thamani ya shule ilijulikana vizuri. Wenye sauti juu ya bajeti hawakuona sababu ya kumsomesha mtoto waliyemtaka awe kibarua wa bei rahisi.

Na hao wanaodaiwa kukosa mwamko walifanya nini? Wakikuyu walianzisha shule huru, wakaunda chama cha shule hizo, KISA, 1934, na 1939 chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri. Wazazi walichanga fedha za shule hizo baada ya kulipa kodi ya serikali. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ikazifunga shule hizo. Kusini mwa Marekani hali haikuwa tofauti. Massachusetts ilipitisha sheria ya elimu ya lazima 1852. Mississippi, nchi ya mashamba makubwa ya pamba, ilikuwa jimbo la mwisho kufanya hivyo, 1918. Hata hivyo, katika ujenzi wa shule karibu 5,000 uliosaidiwa na mfuko wa hisani wa Rosenwald hadi 1932, Wamarekani weusi walichanga zaidi ya dola milioni 4, wengi wao wakilima ardhi ya watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba wazazi wenyewe waliwatoa watoto shuleni wakati wa mavuno. Ni kweli, kwa sababu ujira wa mtu mmoja haukulisha nyumba. Wapo watakaosema baadhi ya wenye mashamba walijenga shule. Ni kweli pia, lakini shule iliyo kwenye ardhi ya mwajiri hudumu kwa hiari yake, na baba akifukuzwa kazi, mtoto naye anapoteza darasa. Tatizo ni umaskini tu? Korea Kusini ilikuwa maskini, tena imetoka vitani, lakini baada ya mageuzi ya ardhi ya 1950 yaliyoweka kikomo cha takriban hekta 3 kwa kila kaya, pamoja na sheria ya elimu ya lazima ya 1949, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu kila mtoto alikuwa shule ya msingi.

Kwa wapangaji wa leo: shule ipewe hati ya ardhi yake, bajeti yake itoke hazina kuu, mashamba makubwa yatozwe kodi ya ardhi inayotengewa elimu, kibarua alipwe ujira usiodai mikono ya mtoto, familia isihamishwe kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Fedha za semina za uhamasishaji zielekezwe kwanza kwenye hayo.