Tii ya fundi wa mabomba ndani ya kompyuta

Nimevuka miaka sitini na bado kompyuta hunitia adabu. Majuzi niliandika skripti ya kuhesabu maneno katika matini za Kiswahili. Nilitaka matokeo yaonekane kwenye skrini na papo hapo yahifadhiwe katika faili. Alama ya > ilinipa faili, lakini skrini ikabaki tupu.

Jawabu ni amri iitwayo tee. Jina hili si fumbo. Mwite fundi wa mabomba nyumbani kwako, atakuagiza ununue ‘tii’: kiungo chenye umbo la herufi T, maji yakiingia mdomo mmoja yatoke kwa miwili. Watafiti wa Bell Labs, Marekani, waliounda mfumo wa Unix, waliazima sitiari iyo hiyo. Mwaka 1964, Doug McIlroy alipendekeza programu ziunganishwe kama mipira ya kunyunyizia bustani maji. Mwaka 1973 bomba likaingia katika Unix. Leo huandikwa kwa mstari wima.

Basi nikaandika:

./hesabu.sh | tee matokeo.txt

Matokeo yakaonekana, na nakala ikaingia katika faili. Ukitaka nakala mbili, taja faili mbili baada ya tee.

Siku ya tatu nilifungua faili, lo! Hesabu za siku mbili za kwanza hazikuwepo. Kumbe tee hufuta yaliyokuwemo kabla ya kuandika mapya. Ili iongezee tu mwishoni, sharti uandike tee -a. Kwa kukosa herufi moja, nilirudia kazi ya siku mbili.

Mtego mwingine ni kwamba ujumbe wa makosa una mkondo wake, nambari 2, usiopita kwenye bomba. Mkondo wa matokeo ni nambari 1. Kuiunganisha, andika hivi:

./hesabu.sh 2>&1 | tee -a matokeo.txt

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kufundisha kompyuta. Ajabu ni kuwa wataalamu wenyewe walikopa lugha ya mafundi wa maji, nasi tunao mafundi hao kila mtaa. Mwalimu akianza na bomba na tii, mwanafunzi ataelewa amri kabla hajaikariri. Ila asisahau kumfunza -a mapema, yasije yakamfika yaliyonifika mimi.