Je, Wajua? Damu Yako Yarudi Usoni Kwako

Je, wajua kwamba tiba ya PRP, inayosifiwa kurudisha ujana wa ngozi na kuotesha nywele, haitegemei dawa ya kiwandani? Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine, kisha sehemu yake unadungwa usoni au kichwani. Tyubu ikitoka mashineni, chembe nyekundu zimezama chini na juu kumebaki majimaji ya manjano. Hayo ndiyo plazima, na kinachowindwa humo ni chembe sahani.

Chembe sahani ni vipande tu vilivyomeguka kutoka seli kubwa za uboho. Havina kiini, na maisha yake hayazidi sana siku 10. Mikrolita moja ya damu hubeba kati ya 150,000 na 450,000. Mwitaliano Giulio Bizzozero alieleza mwaka 1882 jinsi zinavyosaidia kuzuia damu kuvuja. Ukijikata kisu, hukimbilia kuziba mwanya na kumwaga protini zinazochochea tishu mpya kujengeka. PRP inatumia ujanja huohuo mahali ambapo hakuna aliyejikata. Ndiyo maana wateja wengi huambiwa waache kwanza dawa kama ibuprofen, ambazo huzipunguzia chembe hizo nguvu.

Urembo ulikuja baadaye. Mwaka 1998 daktari wa Marekani, Robert Marx, alichapisha matokeo ya kuitumia kuponesha mifupa ya taya. Wanamichezo wakaifuata kwa magoti na viwiko. Mwaka 2013 nyota wa televisheni Kim Kardashian akaonyesha picha ya uso wake uliotapakaa damu, na dunia ikataka kujaribu. (Mwenyewe alikuja kusema harudii, maumivu yalimshinda.)

Je, inafanya kazi? Baadhi ya watafiti wamedunga PRP nusu ya kichwa na maji ya chumvi nusu ya pili, kwa mtu yuleyule. Kwa nywele zinazopungua, matokeo yanatia moyo ila hayalingani. Kawaida ni sindano za awamu tatu hivi, mwezi baada ya mwezi, kisha za kurudia. Palipo na kovu, kwa mfano pembeni mwa paji baada ya miaka ya misuko ya kukaza, usitarajie kitu. Kuhusu makunyanzi, ushahidi ni mwembamba zaidi.

Na kwa kuwa ni damu yako, wengi hudhani haina hatari. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliripoti mwaka 2024 kuhusu saluni moja ya New Mexico isiyo na leseni, ambako baadhi ya wateja waliofanyiwa tiba hii ya uso mwaka 2018 waliambukizwa VVU. Wakaguzi walikuta mashine ya kuzungushia damu juu ya kaunta ya jikoni. Tyubu za damu zisizo na majina zilikuwa ndani ya friji, pamoja na chakula.