Gari inalia «ta-ta-ta» bila kuwaka: sikiliza sauti kabla ya kununua batri

Kwa shoferi wa taksi wa Bukavu, Goma ao Uvira, gari inayokataa kuwaka asubuhi ni hasara inayoanza kuhesabiwa palepale. Jioni mwenye gari atangoja pesa yake, hata kama saa mbili zilipotea kwa kutafuta vijana wa kusukuma.

Dalili ni ileile kila mara. Ufunguo unazungushwa, taa za mbele ya shoferi zinawaka, kisha chini ya kapo inasikika «ta» moja, ao «ta-ta-ta-ta» ya haraka. Moteri haizunguki. Wengi wanakimbilia kununua batri mpya, na mara nyingine baada ya kuifunga sauti inabaki ileile. Pesa imekwenda, ugonjwa umebaki.

Sauti hiyo inatoka wapi?

Juu ya demareri kuna sumaku ya umeme. Ufunguo ukizungushwa, sumaku hiyo inavuta chuma. Chuma kinasukuma jino la demareri lishike gurudumu la moteri, tena kinaunganisha vipande vya shaba ili umeme mkubwa wa batri upite. «Ta» ni mlio wa chuma hicho kinapogonga.

Kwa hiyo gari inayolia imekwisha kusema jambo moja: amri ya ufunguo inafika mpaka kwenye demareri. Kinachokosekana ni nguvu. Sumaku inahitaji umeme kidogo tu, lakini demareri ya gari ndogo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100.

Mlio wa haraka na mlio mmoja

«Ta-ta-ta» ya haraka mara nyingi inaonesha batri dhaifu ao waya zisizoshika vizuri. Sumaku inavuta, demareri inaomba umeme mwingi, nguvu ya batri inaanguka na sumaku inaachilia. Nguvu inapanda tena kidogo, na mchezo unaanza upya.

«Ta» moja nzito, huku taa zikibaki na mwangaza wao, inaelekeza zaidi kwenye demareri yenyewe.

Jaribio la kwanza halihitaji hata franga moja. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikizimika ao zikififia sana, anza na batri na waya zake. Zikibaki vilevile, mwite fundi aangalie demareri.

Mwenye kifaa cha kupima volti atajua zaidi. Batri nzima iliyopumzika inaonesha karibu volti 12,6. Ikiwa 12,2, imebaki karibu nusu. Chini ya 12, imekwisha. Wakati ufunguo unazungushwa, isianguke chini ya 9,6 hivi.

Waya kwanza, batri baadaye

Barabara zetu zenye mashimo na mawe zinatikisa gari kila siku, na vibano vya batri vinalegea. Unga mweupe ao wa kijani unaoota hapo unazuia umeme pia. Kibano kikizunguka kwa mkono, hiyo inaweza kuwa sababu yote. Toa waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na burashi ya chuma, kausha, kaza, na rudisha hasi mwisho. Fuata pia waya mnene unaotoka hasi kwenda kwenye moteri: ukiwa na kutu, batri mpya haitasaidia kitu.

Kama waya ni safi na batri ina nguvu, demareri inaweza kupigwa polepole kwa mti wa nyundo wakati mtu mwingine anazungusha ufunguo. Ikiwaka, ugonjwa umejulikana, lakini haujapona. Kwenye Toyota nyingi, vile vipande vya shaba vinalika kwa miaka. Fundi anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake, na mwenye gari asinunue demareri nzima.

Batri ikionekana imekwisha, uliza pia kwa nini imekwisha. Gari ikiwaka, pima tena: kati ya volti 13,8 na 14,5 alternateri inachaji. Ikibaki 12, hata batri mpya itakufa baada ya siku chache.

Mambo yasiyofaa kujaribiwa

Milima ya Bukavu imefundisha mashoferi kuachilia gari kwenye mteremko ili iwake. Njia hiyo inafaa kwa gari ya vitesi vya mkono. Gari nyingi zinazotoka Japani na kupitia Mombasa ao Dar es Salaam ni otomatike. Hizo haziwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pompi ya mafuta ya sanduku la vitesi haifanyi kazi moteri ikiwa imezimwa. Tena bila moteri breki na usukani vinakuwa vizito, na mteremko unaweza kuua.

Kuunganisha demareri kwa bisibisi ukiwa chini ya gari ni hatari nyingine. Kama vitesi vimeingia, gari inaruka mbele juu ya fundi.

Wakati wa kuomba umeme kwa gari ya jirani, chanya iende kwa chanya. Waya mweusi uanzie kwenye hasi ya batri nzima na umalizikie kwenye chuma cha moteri ya gari iliyokufa, mbali na batri yake. Batri inatoa gesi inayoweza kulipuka, basi hakuna sigara karibu.

Na gari iliyopita katika mafuriko, kama yale yanayojulikana Uvira, ikilia «ta» moja na kugoma, isilazimishwe wala kusukumwa. Maji yanaweza kuwa yameingia ndani ya moteri. Fundi atoe buji kwanza ili maji yatoke. Mtu akilazimisha, vyuma vya ndani vinapinda, na hasara ya asubuhi moja inageuka kuwa ya moteri nzima.