Usiache Mbachao: Duka la Zawadi na Mali Kuukuu

Modogashe ni mji wa njia panda. Yuko atokaye Garissa, yuko atokaye Isiolo, yuko aendaye Wajir, na wote hukutana katika vumbi lile lile. Katika nchi ile ndiko iliko aqal, nyumba ya Wasomali wafugaji: fito zilizopindwa zikasimamishwa, kisha zikafunikwa kwa majamvi. Mwenye kuijenga ni mwanamke, na nyumba ni yake. Siku ya kuhama huifungua, akaipakia juu ya ngamia, fito kwa fito. Jamvi likichakaa hutiwa kiraka cha gunia au turubali, safari ikaendelea.

Nimeanza na nyumba hiyo kwa sababu ya jambo la dukani. Siku hizi bustani za matembezi, za kwetu na za ng'ambo, hupenda kuyatengeneza upya maduka yao ya zawadi kwa vitu kuukuu: mbao za majahazi, mabati ya zamani, milango ya majumba. Mgeni aingie, asifu, anunue. Wazo ni jema. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini swali, msomaji, ni hili: hiyo mbachao ni ya nani?

Haller Park ya Bamburi yenyewe ni ardhi iliyookolewa. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, hapaoti kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, na majongoo wakayageuza majani makavu kuwa udongo. Mahali kama hapo, duka la mbao kuukuu litafanana na pake.

Huko Kiunga, mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church aliwaona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa kandambili zilizoletwa ufuoni na bahari. Kazi iliyozaliwa hapo ndiyo Ocean Sole, inayochonga twiga na kasa kwa kandambili hizo na kuwauza. Lamu nako, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake waliteremsha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyokusanywa, likavishwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Na katika kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991 huko huko Garissa, wakimbizi waliipiga bapa mikebe ya mafuta ya msaada wakapata milango.

Kandambili ya ufuoni na mkebe mtupu havina wa kuvidai. Chuoni tulisomeshwa kwamba kiokotwacho kina hukumu yake: chenye thamani hutangazwa mwaka mzima, kilicho duni huchukuliwa. Sasa mlango wa nakshi wa Lamu utauhesabu wapi? Huo haukuokotwa. Umeng'olewa katika nyumba ya watu, pengine kwa dhiki ya mrithi asiye na fedha. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaulinda mlango, pamoja na miimo yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Duka lijipambalo kwa mlango huo, na nyumba ikabaki wazi, limeokoa nini?

Basi bustani itakayo kulitengeneza duka lake na iulize mapema: kila ubao umetoka wapi, nani aliuuza, fundi gani aliuranda? Jina la fundi liandikwe ukutani, mgeni alisome. Ikilitaka umbo la aqal, iwaite wanawake wajuao kufuma, iwalipe kwa majamvi mapya, isiende kuvua jamvi juu ya kichwa cha mtu. Kizuri chajiuza, hakihitaji kuibiwa nasaba.

Yule mama wa Modogashe akifika malisho mapya hushusha mzigo na kuhesabu fito zake. Zote zimo, na zote ni zake. Mwenye duka naye aweze kutoa hesabu hiyo mbele ya mnunuzi.