Kuvumilia Nako Kuna Somo Lake

Kwenye barabara ya Wynford Drive, Don Mills, jijini Toronto, jimbo la Ontario, Kanada, kuna Kituo cha Waismailia na Jumba la Makumbusho la Aga Khan, yote mawili yakiwa yamefunguliwa mwaka 2014. Wazee wengi wa jumuiya hiyo chimbuko lao ni Afrika Mashariki. Wale wa Uganda walipewa na Idi Amin siku 90 tu za kuondoka mwaka 1972, wakaacha nyumba, maduka na makaburi ya wazazi. Kwetu sote, aliyefikwa na jambo huambiwa neno moja: vumilia.

Nasaha hiyo siipingi. Tatizo ni kwamba hatufundishwi namna ya kuvumilia, na namna hiyo ipo, tena inafundishika darasani.

Aliyeipangia masomo ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 1991 alichapisha matokeo ya jaribio lake kwa wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara: waliopata tiba yake walijidhuru kwa nadra kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Mwaka 2011 akasema hadharani kwamba hata yeye, akiwa msichana, alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili kwa kujidhuru.

Tiba hiyo hujulikana kwa herufi DBT. Kila wiki mgonjwa huonana na mtaalamu wake faraghani, kisha huingia darasani na wenzake kwa saa mbili au zaidi. Hapo hujifunza kutulia na kutazama kilichopo bila kukihukumu, kustahimili dhiki, kutawala hisia, na kudai haki yake bila kuvunja undugu. Anapewa na kazi ya nyumbani.

Chukua somo la kustahimili. Hasira imepanda, mikono inatetemeka, kidole kiko tayari kumtumia shemeji matusi. Jaza bakuli maji baridi, bana pumzi, inama, tumbukiza uso kwa takriban nusu dakika. Mwili huitika kama umepiga mbizi, moyo ukapunguza mwendo. Aliyefundishwa kutawadha akighadhibika hatashangaa. (Mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza.) Ugomvi haujaisha, ila sasa unaweza kufikiri.

Kinachoniuma ni gharama. Bima ya serikali ya Ontario, OHIP, humlipa daktari wa familia na daktari wa magonjwa ya akili, lakini ukienda kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo wa binafsi, kwa kawaida unalipa wewe au bima ya kazini. Mama wa Flemingdon Park, jirani tu na Don Mills, anayefanya kazi za zamu bila bima, atalipa na nini? Aanze kwa daktari wa familia, aombe rufaa ya hospitali, akijua kwamba foleni ni ndefu.

Anayewaza kujiua asingoje foleni. Tangu Novemba 2023, Kanada nzima, namba ni 988, kwa simu au ujumbe, saa 24, bila malipo. Huduma ni kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo mzee asiyezimudu lugha hizo apigiwe namba hiyo na mtu wa nyumbani, aketi naye hapo hapo.