Lamu ni Bara Kuliko Visiwa

Ukitaja Lamu, wengi huona vichochoro vya Amu, punda na majahazi, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni ndogo mno. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 6,000, na sehemu kubwa ni bara: Witu, Hindi, Mpeketoni, msitu wa Boni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920, kutoka 101,539 mwaka 2009. Lamu Mashariki, yenye Pate, Ndau, Kiwayu na hata Kiunga, haikufikisha 25,000. Uzito wa watu uko magharibi, hasa tangu mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulipoleta wakulima kutoka kwingineko nchini miaka ya 1970.

Atakuwepo wa kusema ardhi ingali tele, kwani wastani ni kama watu 23 tu kwa kilomita ya mraba. Wastani huo hudanganya. Msitu unaodhaniwa mtupu ni maisha ya Waaweer, nyika ni malisho ya Waorma, na matuta ya mchanga ya Shela, yanayotamaniwa na wajenzi, ndiyo yanayohifadhi maji ya mvua yanayonywewa Amu. Baharini ni vivyo hivyo: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa maji ambayo hesabu ya watu kwa kilomita haiyagusi kabisa.