Unarudi nyumbani na familia? Pima afya kabla ya kupima ploti

Wakenya wengi walioko ng'ambo hufika wakati wakaamua kurejea. Maswali yao ya kwanza kwa jamaa huwa ni bei ya ploti, karo ya shule na hali ya usalama. La afya huja mwisho, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Kwa mtu ambaye kwao ni Busia, hilo ndilo linalofaa kutangulia.

Chukua mfano wa mzaliwa wa Busibwabo, huko Matayos, aliyeishi Uingereza au Marekani kwa miaka kumi na mitano. Ana mke na watoto watatu waliozaliwa huko. Shamba la babake lipo na wazee wanamngoja. Anaweza kujenga bomani, kupanga nyumba mjini Busia au Malaba, au kuishi Nairobi na kuzuru nyumbani wakati wa likizo. Afanye lipi?

Jambo la kwanza la kuzingatia ni malaria. Busia imo katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako ugonjwa huu huambukizwa mwaka mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto 19 kati ya kila 100 waliopimwa katika ukanda huo walikuwa na viini vya malaria. Kwa nchi nzima walikuwa 6 kati ya 100. Nairobi, iliyo juu zaidi na yenye baridi, hatari ni ndogo sana.

Utamsikia mtu akisema, "Mimi nilikulia hapa, malaria hainiwezi." Asijidanganye. Kinga dhidi ya malaria hujengeka polepole, kwa kuambukizwa mara kwa mara kwa miaka mingi, na hupungua mtu anapokaa mbali. Watoto waliozaliwa London au Chicago hawana kinga hiyo hata kidogo. Kupewa jina la babu hakuwapi.

Hapa ndipo penye hatari. Binamu zao waliokulia kijijini wanaweza kuwa na viini katika damu na bado wakacheza mpira. Mtoto mgeni anaweza kuzidiwa kwa siku moja au mbili tu. Nyanya, ambaye amelea wajukuu wengi, humtazama na kusema ni uchovu wa safari au mabadiliko ya chakula. Anasema kwa upendo, lakini anapima kwa kipimo cha watoto aliowazoea.

Kwa hivyo, kila familia iwe na sheria moja: mtoto akipata joto jingi mwilini, hasa kuanzia wiki moja baada ya kufika, apimwe damu siku hiyo hiyo. Usinunue dawa ya maumivu dukani ukangoja kupambazuke. Akipata degedege, akitapika kila anachomeza, akipumua kwa shida au akiwa mzito kuamka, akimbizwe hospitalini mara moja.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 katika sehemu za magharibi, Busia ikiwemo. Hata hivyo, inalenga watoto wachanga kuanzia miezi sita, na hupunguza hatari bila kuimaliza. Mtoto wako wa miaka minane bado atategemea chandarua kilichotiwa dawa na nyavu madirishani. Kabla ya kusafiri, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria kwa kipindi cha mwanzo.

Pili, chunguza hali za watu binafsi. Mama mjamzito akipata malaria anaweza kupungukiwa damu, mimba kuharibika au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kama inawezekana, ajifungue kabla ya kuhamia ukanda huu. Mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, huhatarishwa sana na malaria na anahitaji kuwa karibu na kliniki inayomfahamu. Aliye na shinikizo la damu au kisukari aandike jina halisi la dawa yake, si la kampuni tu, kisha aulize kama inapatikana mahali anapohamia. Beba pia kadi za chanjo. Marekani, kwa mfano, haiwapi watoto wote chanjo ya BCG ya kifua kikuu, ambayo hapa mtoto hupewa anapozaliwa.

Tatu, pima umbali wa hospitali kwa saa, si kwa kilomita. Bodaboda, usafiri uliozaliwa papa hapa mpakani, utakufikisha haraka mchana pakiwa pakavu. Saa nane za usiku, mvua ikinyesha, na mtoto ana degedege, hesabu ni nyingine. Lakini nyumba ya mjini nayo isiwe ukingoni mwa barabara kuu, ambako malori yanayongoja kuvuka hadi Uganda hutoa moshi unaowasumbua wenye pumu, na watoto wasiozoea kuvuka barabara kama hiyo wanaweza kugongwa.

Ushauri wangu ni huu. Ukiweza, fika Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Panga nyumba mjini kwa mwaka wa kwanza, karibu na hospitali, na uzuru boma mchana. Muda huo utumie kujenga: weka nyavu kwenye kila dirisha, tafuta maji safi, na ujue ni gari la nani litakaloitwa usiku. Ikiwa una mtoto mwenye selimundu, usione haya kukaa Nairobi, hata kama wazee watanung'unika.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawakusema lazima uingie kwenu siku ile ile unaposhuka ndegeni. Waeleze wazee sababu zako mapema, kwa heshima. Mzee atakayekasirika kwa kukosa wajukuu chini ya paa lake mwaka mmoja atashukuru akiwaona wazima miaka mingi.